PGSI ndani ya gereza: je, maswali tisa ya kamari yanamfaa mraibu aliye kwenye matibabu?

PGSI ni fomu ya maswali tisa ya kupima kama mtu ametawaliwa na kamari. Ilitengenezwa Kanada na Ferris na Wynne, ikatolewa 2001. Hailipiwi, haihitaji daktari bingwa kuisoma, na inaenea kwenye kurasa mbili za fotokopi. Ndiyo maana mara nyingi inakuwa fomu ya kwanza kumfikia muuguzi, mnasihi au afisa ustawi wa jamii anayetaka kuanza kuwauliza waraibu wa dawa za kulevya habari za kubeti. Hapa tumeipitia kwa swali moja: inafanya kazi kwa mtu aliye ndani, iwe Iringa, Mbeya au kule Songwe, na ambaye tayari anatibiwa heroini au pombe?

Kwa mwenye haraka: mtaani tunaipa nyota nne kati ya tano. Gerezani, ikitumiwa kama ilivyochapwa, inapata mbili. Ikirekebishwa kipindi inachouliza, kitu kinachowekwa dau, na mazingira ya kuuliza, inarudi kwenye nyota nne. Ya tano haiipati hata ikirekebishwa, kwa sababu fomu inaishia kwenye alama, na kazi yenyewe inaanzia hapo.

Kuna wanaouliza kamari inahusu nini wakati mgonjwa ana unga mwilini. Inahusu sana. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa Kanada na kuchapishwa 2005 yalikuta takriban theluthi moja ya wahalifu waliopimwa walikuwa na tatizo la kamari. Takwimu hiyo si ya gereza la Ruanda, Mbeya, wala la Isupilo, Iringa, na haifai kunukuliwa kama ya kwetu, lakini inatosha kumfanya mtu aulize. Tangu 2013 mwongozo wa Wamarekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, umeiweka kamari katika sura moja na uraibu wa pombe na dawa, na uainishaji wa ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani nao unaihesabu miongoni mwa uraibu. Kwa mgonjwa wa methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, jambo lenyewe ni jepesi kuliona: dozi inapotulia, arosto (mateso ya kukosa dawa) inaisha, muda unabaki, na shilingi iliyokuwa ikienda kwenye kete za unga inatafuta pa kwenda. Mashine ya dubwi, ile ya kamari ya sarafu, iko jirani, na simu iko mfukoni.

Ndani ya gereza kuna jambo la pili, tena zito zaidi. Mfungwa hashiki fedha. Akiliwa kwenye karata au kwenye matokeo ya mechi, deni linalipwa kwa sabuni, sigara, sukari, au kwa kumfulia mwenzake nguo. Vikiisha, mraibu aliye kwenye matibabu amebaki na kitu kimoja chenye thamani kubwa, nacho ni dozi yake. Methadoni inayofichwa mdomoni na kutemwa nje mara nyingine ina deni nyuma yake, na mkaguzi anayetafuta tabia mbaya ya mgonjwa bila kuuliza habari ya kamari ataendelea kumkaripia mtu anayetishwa usiku.

Fomu yenyewe

Maswali yote yanahusu miezi 12 iliyopita. Je, uliweka dau kubwa kuliko unachoweza kumudu kupoteza? Ulihitaji kuongeza dau ili upate msisimko uleule? Ulirudi siku nyingine kufukuzia hela iliyoliwa? Ulikopa au kuuza kitu ili upate cha kuchezea? Ulihisi huenda una tatizo? Kamari ilikuletea shida za kiafya, pamoja na msongo na wasiwasi? Watu walikulaumu au kukwambia una tatizo, hata kama wewe hukuona hivyo? Ilikuletea wewe au familia yako matatizo ya fedha? Ulijisikia hatia kwa namna unavyocheza au kwa yanayotokea ukicheza?

Kila jibu lina alama: hapana kabisa 0, wakati mwingine 1, mara nyingi 2, karibu kila mara 3. Jumla inakuwa kati ya 0 na 27. Kwa mujibu wa waliotunga, 0 ni salama, 1 hadi 2 hatari ndogo, 3 hadi 7 hatari ya kati, na 8 kwenda juu ni tatizo. Mwaka 2013 mtafiti Currie na wenzake walipendekeza makundi ya katikati yabadilishwe yawe 1 hadi 4 na 5 hadi 7. Kwa gerezani tunaunga mkono mgawanyo huu wa pili, maana mfungwa anaweza kufika 3 kwa msongo na hatia tu, navyo vyote gereza linazalisha bila msaada wa karata.

Sifa yake kubwa ni kwamba haiulizi uhalifu. Fomu ya maswali 20 ya Gamblers Anonymous, chama kilichoanza Los Angeles 1957, inauliza kama umewahi kufanya au kufikiria kufanya kosa la jinai ili upate hela ya kuchezea. Kumwandikisha mahabusu jibu la swali hilo ni kumtengenezea ushahidi. DSM-5 yenyewe iliondoa kigezo cha uhalifu kwenye orodha yake. PGSI haina mtego huo, na kwa mtu ambaye kesi yake bado iko mahakamani hilo peke yake linatosha kuichagua.

Inapovunjika

Kasoro ya kwanza ni hiyo miezi 12. Chukua dereva wa bodaboda wa Mwanjelwa, Mbeya, aliyeuza pikipiki ya mkataba kwa ajili ya mikeka ya kubeti, akakopa kausha damu, mkopo wa riba kali, ili aikomboe, kisha akakamatwa na sasa ana miezi 14 mahabusu. Muulize miezi 12 iliyopita, atajibu hapana, hapana, hapana, na wala hatakuwa amesema uongo. Anapata 0, faili linafungwa, na siku akitoka anarudi palepale.

Tiba yake ni kuuliza mara mbili kwenye karatasi moja yenye safu mbili. Safu A ni miezi 12 kabla ya kukamatwa. Safu B ni miezi mitatu iliyopita humu ndani. Alama za safu hizo zisijumlishwe kamwe. Makundi ya hatari yatumike kwa safu A tu, kwa sababu mipaka ile iliwekwa kwa kipindi cha miezi 12. Safu B ni ya kufuatilia kama hali inapanda au inashuka. Kabla ya kuanza safu A, mwekeeni mtu alama za kukumbukia: mara ya mwisho ulivuna viazi lini, Krismasi ile ulikuwa wapi, ligi ilikuwa imefikia wapi ulipokamatwa. Bila nanga hizo, majibu yanaelea kati ya miaka mitano.

Kasoro ya pili ni neno fedha. Swali la kwanza, la pili, la tatu, la nne na la nane yote yanaongelea fedha kwa mtu asiyeruhusiwa kuwa nazo. Kwenye safu B badilisheni iwe "fedha au kitu chochote chenye thamani", kisha vitajwe kwa majina: sabuni, sigara, sukari, mboga, zamu ya kazi, sehemu ya kulala. Swali la nane, badala ya familia, lihusu deni: je, kuna mtu humu anayekudai kwa sababu ya mchezo? Tunashauri pia swali la kumi lisilo na alama, liulizwe mwishoni kabisa: umewahi kutoa dawa yako, au kuombwa uitoe, kulipia deni la mchezo? Lisihesabiwe kwenye jumla, maana mkiliingiza mnakuwa mmetunga fomu nyingine na hamwezi tena kulinganisha na mtu yeyote.

Kabla ya swali la kwanza soma orodha ya michezo: mikeka, ndege ya kwenye simu (Aviator), dubwi, bahati nasibu, karata, drafti ya dau, pulteboli ya dau, kubashiri mechi. Wengi hawahesabu kubeti mpira kuwa kamari, hasa mechi za nyumbani. Tanzania Prisons, timu ya Jeshi la Magereza lenyewe, inapocheza pale uwanja wa Sokoine, Mbeya, kubishana na kuweka sabuni mbili juu ya matokeo kunaonekana ni ushabiki wa kawaida. Huenda kwa mmoja ni ushabiki kweli. Kwa jirani yake ndiyo mwiba.

Kasoro ya tatu inawapata hasa walio kwenye matibabu, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Dalili za arosto na dalili za kuacha kamari zinafanana: mtu hatulii, anakasirika upesi, halali. Mkimuuliza mgonjwa ambaye dozi yake ya methadoni bado inapandishwa kama ana msongo na wasiwasi, mtapata jibu la heroini mkidhani ni la kamari. Subirini dozi itulie. Kwa wengi wiki nne tangu kuanza zinatosha, lakini kipimo ni mgonjwa mwenyewe: analala, hatetemeki, haombi nyongeza. Na kwa mlevi wa pombe subirini angalau wiki mbili baada ya kusafika. Muulizeni saa chache baada ya dozi, si asubuhi kabla ya dozi akiwa anatazama saa.

Kuhusu mazingira ya kuuliza tutasema kwa kirefu, maana hapa ndipo fomu nzuri inapoharibiwa na mtumiaji. Kucheza kamari gerezani ni kosa la nidhamu, na nidhamu ina uhusiano na punguzo la theluthi ya kifungo ambalo mfungwa hulipata kwa mwenendo mzuri. Mtu mwenye akili timamu hatamwambia mwenye sare kwamba alicheza jana. Kwa hiyo muulizaji awe mtumishi wa afya au mnasihi wa kutoka nje, asiwe askari anayehusika na nidhamu ya bweni. Askari wa ulinzi akae mahali anapoona lakini hasikii. Nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, asikae karibu wala asiwe mkalimani, hata kama ndiye anayejua Kisafwa au Kihehe vizuri. Mara nyingine ndiye anayedai. Karatasi iandikwe namba ya kliniki badala ya jina, na ikae kwenye kabati la zahanati, isiingie kwenye jalada la mfungwa.

Maneno ya kuanzia yawe ya kweli, hata kama yanapunguza idadi ya watakaokubali. Kwa mfano: "Kaka, haya maswali ni ya matibabu. Hayaendi kwa mkuu wa gereza. Ila ukiniambia unataka kujiua, au kuna mtu atauawa, hapo sitanyamaza, nitatafuta msaada. Swali usilotaka, sema tuliruke." Kwa mtu mzima anzeni na shikamoo na muiteni mzee, awe na namba ya kifungo au asiwe nayo. Ahadi ya "siri kabisa" msiitoe, kwa sababu siku mtakapolazimika kuivunja, bweni zima litajua kabla ya chakula cha jioni.

Soma maswali kwa sauti hata kwa anayejua kusoma. Shida kubwa ya kusoma ni ngazi za majibu: "mara nyingi" na "karibu kila mara" zinaingiliana mdomoni mwa watu. Chora vikombe vinne kwenye karatasi: kitupu, chenye maji theluthi, chenye maji theluthi mbili, na kilichojaa. Aguse kimoja. Safu zote mbili zinachukua dakika 20 hadi 25. Mkimaliza kwa dakika nane, hakuna aliyefikiri.

Washindani wake

Lie/Bet ya 1997 ina maswali mawili tu: umewahi kujisikia lazima uongeze dau zaidi na zaidi, na umewahi kuwaficha watu wako wa karibu ni kiasi gani unacheza. Ndiyo moja inatosha kumpeleka mtu kwenye hatua ya pili. Haibanwi na miezi 12, kwa hiyo kwa mtu anayepokelewa leo, foleni ikiwa ndefu, ni mlango mzuri kuliko PGSI. Haipimi ukubwa wa tatizo na haiwezi kuonyesha maendeleo. Tunashauri Lie/Bet siku ya kupokelewa, PGSI ya safu mbili dozi ikishatulia.

BBGS ya 2010 ina maswali matatu na inasifiwa sana, lakini la kwanza linauliza kama ulikosa utulivu na kukasirika ulipojaribu kuacha. Kwa mraibu wa opioidi, dawa za jamii ya heroini, hilo ni swali la arosto. Tunaiacha.

SOGS ya 1987 ndiyo mzee wao, na alama 5 kwenda juu ndiyo inayotia shaka. Sehemu yake ya mikopo inauliza habari za hisa, cheki na kadi za mkopo. Mkata mbao wa Mafinga aliyekopa kwa simu hajioni pale.

Alama zikishapatikana

Alama 8 au zaidi kwenye safu A si utambuzi wa ugonjwa. PGSI ilitungwa kwa ajili ya kupima jamii. Anayefika hapo aonwe kwa mahojiano ya kitabibu yenye vigezo tisa vya DSM-5; vinne au zaidi ndani ya miezi 12 ndiyo ugonjwa, na daktari athibitishe kwamba si kichaa cha furaha kilichomfanya atapanye. Maswali mawili yasirukwe. La kwanza ni la kujiua, kwa sababu waliotawaliwa na kamari wana hatari kubwa kuliko wengine, na deni la ndani linaiongeza. La pili ni dawa anazotumia: aripiprazoli, na dawa za Parkinson za kundi la pramipeksoli, zinaweza zenyewe kuamsha hamu ya kucheza.

Onyo kwa wanaosoma mtandaoni kwamba naltreksoni inapunguza hamu ya kamari. Imejaribiwa, ndiyo, na ina matokeo kiasi. Lakini ni dawa inayozuia opioidi. Mgonjwa wa methadoni akipewa, ataingia kwenye arosto kali ndani ya muda mfupi. Kwa wagonjwa wa methadoni tiba ya kamari ni ya mazungumzo, basi.

Mazungumzo hayo ni tiba ya kubadili fikra na tabia, vipindi sita hadi vinane, kundi la watu wanane hadi kumi. Wenye 1 hadi 4 wanatosheka na mazungumzo mafupi ya mtu mmoja. Kati ya zana zote za kundi, moja tunaipendekeza kwa nguvu kwa sababu haina gharama na inafika pale mahubiri yasipofika: mfuko wa visoda, vile vifuniko vya chupa za soda.

Tafuta visoda kumi, saba vya rangi moja na vitatu vya nyingine, na mfuko usioonyesha ndani. Kila kisoda kinachotolewa ni mechi "ya uhakika", ile ambayo timu kubwa ina nafasi ya asilimia 70 kushinda. Kila mtu achomoe kisoda mara kumi. Kila akichomoa, kisoda kirudi mfukoni na mfuko utikiswe. Hapa ndipo wengi wanaharibu, wanavibakiza nje na hesabu inageuka kuwa nyingine. Mkeka umetiki, yaani umeshinda, kama zote kumi zimetoka rangi ile yenye visoda saba. Kabla ya kuanza, kila mmoja aseme anadhani wangapi kati yao watashinda. Majibu huwa ya matumaini. Hesabu yenyewe ni 0.7 ikizidishwa yenyewe mara kumi, yaani asilimia 2.8. Kundi la watu kumi, mara tatu kati ya nne hakuna hata mmoja atakayeshinda.

Halafu weka bei. Nafasi ya asilimia 70 ingestahili odi (namba inayozidisha dau ukishinda) ya 1.43, lakini kampuni nayo inataka chake. Tuseme imetoa 1.35. Kwa mechi moja, kila shilingi 1,000 inarudisha kwa wastani 945. Mkeka wa mechi kumi kwa odi hiyohiyo unaahidi shilingi 20,106 kwa 1,000, namba inayopendeza macho, ila kwa kuwa unatoka mara 2.8 katika 100, wastani wa kinachorudi ni 568. Yaani makato madogo ya mechi moja yamekatwa tena na tena mara kumi, na mchezaji mwenyewe ndiye aliyeyarudia kwa kuongeza timu. Andika ubaoni 945 na 568 na unyamaze. Wenye mikeka mirefu wataanza kubishana wenyewe.

Mara moja moja mtu atashinda. Usimnyamazishe wala usione aibu. Muulize alijisikiaje, kisha uwaulize wale tisa nani atakumbukwa bwenini kesho, wao au yeye. Hapo ndipo kundi linaona kwa nini mtaani kila mtu anamjua aliyeshinda na hakuna anayewataja walioliwa. Tahadhari tatu: visoda visibadilishwe kwa karata au kete za mchezo, maana zinaamsha hamu na askari hatakuwa na njia ya kujua ni somo, kusiwe na dau lolote, hata biskuti, na visoda vihesabiwe kurudi, kwa sababu kisoda kilichokunjwa kina ncha.

Hesabu peke yake haimtoi mtu kwenye uraibu. Wako wanaojua odi kuliko mwalimu na bado wanachanika kila wiki. Ndiyo maana vipindi vinavyofuata viende kwenye vichocheo: saa za jioni bila kazi, siku za ligi, siku baada ya kutembelewa na ndugu mwenye habari mbaya. Mtu aandike saa na siku zake tatu za hatari na kitu cha kufanya katika kila moja, chenye jina na mahali. "Nitajishughulisha" si mpango. "Jumamosi saa kumi nitakaa na kwaya" ni mpango.

Deni la ndani lishughulikiwe mapema, na lisilipwe na kliniki wala na ndugu kwa mkupuo. Likilipwa lote siku moja, anayedai anajifunza kwamba mraibu huyu ana watu, na wiki ijayo atamkopesha zaidi. Orodhesha anachodaiwa, panga vipande vidogo, na kama kuna vitisho ombeni ahamishwe bweni kwa sababu za kiafya bila kutaja kamari. Dozi yake isimamiwe kwa ukaribu: anywe mbele ya muuguzi, anywe maji juu yake, kisha azungumze sentensi mbili tatu. Mfanyeni hivyo kila anayekunywa, asijulikane yeye.

Siku ya kutoka

Wengi hutoka na nauli mfukoni, na wengine hutoka bila kutarajiwa, kwa msamaha wa Rais wa siku ya Muungano au ya Uhuru. Simu inawashwa, laini ya zamani inaamka na ujumbe wa bonasi za kampuni za kubeti pamoja na madai ya mikopo ya simu. Maandalizi yafanywe mwezi mzima kabla, au kwa anayeweza kusamehewa yafanywe mara tu PGSI inaposoma 8.

Mambo ya kufanya kwa mpangilio: ndugu mmoja anayeaminika akubali kushika fedha kwa miezi mitatu ya kwanza, laini iliyosajiliwa kwenye akaunti za kubeti isitumike kwa fedha, na kila akaunti iombewe kufungiwa kwa mtindo wa kujiondoa mwenyewe. Kujiondoa kwenye kampuni moja hakukuondoi kwenye nyingine, hivyo orodha ya akaunti iandikwe angali ndani, wakati bado anaitaja bila aibu na bila simu mkononi. Mashine za dubwi hazina akaunti ya kufunga. Kwa hizo dawa ni njia: kama ziko pale stendi anapopita, apangiwe kituo kingine cha kushukia.

Kwa aliye kwenye methadoni, barua ya rufaa iende kliniki kabla yake. Mbeya kuna huduma hiyo katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda; kwa anayetoka Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za basi, na akikosa dozi siku tatu mfululizo haanzishwi tena kwa kiwango kilekile bila kupimwa upya, maana mwili umeshapoteza mazoea na dozi ya zamani inaweza kumuua. Kwa ridhaa yake, barua hiyo iwe na dozi ya mwisho na tarehe yake, alama za safu A na safu B, jina la ndugu anayeshika fedha, na mchezo hasa uliomtawala. Kliniki ikijua ni ndege ya kwenye simu, haitapoteza kikao cha kwanza kumuuliza habari za karata.